Choo cha Kepteni Marashi

Mama Koki alikuwa amengoja miaka miwili na ushee choo cha Kepteni Marashi kiharibike. Hakuwa na haraka. Choo cha umeme cha kwenye boti si kama cha nyumbani, kwamba ukimwaga ndoo ya maji mambo yamekwisha. Kile kina mota, kina kisu cha kusagia uchafu, kina mipira na sili za kuzuia maji yasivuje, kina bomba la kuvuta maji ya bahari na bomba la kutoa uchafu, na kila kimoja katika hivyo kina siku yake ya kufa. Yeye alijua tu kwamba siku itafika, na ikifika atakuwa hai.

Jina la Mama Koki alipewa kwa kelele zake. Boti yoyote aliyoingia, kabla hajatua mkoba wa vifaa, utamsikia: "Koki imefungwa? Nani kaifunga? Hebu nionyeshe kwa mkono wako!" Koki yenyewe iko chini kabisa ya boti, ndiyo inayoruhusu maji ya bahari kuingia chooni. Ikiachwa wazi siku bomba limekosewa, bahari nzima inaingia bila hodi.

Na ndivyo ilivyokuwa miaka miwili nyuma. Alimtengenezea Kepteni Marashi pampu, akamwachia bomba la maji limepinda juu, juu kabisa kuliko usawa wa bahari, na kwenye mpindo pana kitundu cha kuingiza hewa ili maji yasijivute yenyewe. Kepteni hakuupenda mpindo ule. "Unaning'inia kama utumbo," alisema. Mama Koki alipoondoka, yeye akachukua kisu, akaukata, akaunga bomba moja kwa moja, chumba kikapendeza. Siku ya tatu boti ikakutwa imekaa kwenye matope gatini, maji yamefika kwenye mito ya viti.

Kepteni hakusema kwamba alikata bomba. Alisimama gatini na shati lake jeupe, ananukia kama kawaida yake mpaka samaki wanamjua, akatangaza: "Mama Koki kanizamishia boti! Mwanamke umpe mwiko, bisibisi ya nini?" Watu wakacheka. Mama Koki akalileta bomba lililokatwa, akawaonyesha alama ya kisu. Nani aliangalia? Kicheko kilikuwa kimeshapita mbele.

Tangu hapo wenye boti kubwa wakawa wakimwona wanapotea njia. Akabaki na vijiboti vya pampu za mkono, yeye na bintiye, msichana wa miaka ishirini na mbili, aliyejifunza kazi kwa mama kama mama alivyojifunza kwa marehemu mumewe. Binti alikuwa na mkono mwepesi. Hata Msimamizi wa gati, mzee asiyesifu kitu, alimwambia, "Mwezi ujao uje karakana kuu, nafasi ipo." Mama Koki alishukuru Mungu kwa hilo. Lakini kinyongo chake hakikupungua hata punje. Asubuhi akipiga mswaki, alimtemea mate Kepteni mawazoni mwake.

Basi siku ikafika. Ilikuwa Ijumaa, saa nne. Mlango wa kibanda chao cha kazi ukagongwa, na kabla ya mtu yakaingia marashi.

"Hodi hodi. Shikamoo, Mama Koki."

Wanalingana umri wale. Shikamoo ile ilikuwa ya shida.

"Marahaba," akajibu Mama Koki, akaendelea kuloweka mipira kwenye siki. "Umepotea, Kepteni. Huku hatuna mwiko."

"Ah, dada yangu, bado unayo yale? Maneno ya hasira yale. Sikiliza, pampu imekufa. Inanguruma, haivuti. Fundi wangu kavunjika mguu. Na Jumapili matajiri wangu wanakuja na familia zao kutembea na boti. Wakiridhika, wananikabidhi ile boti mpya. Ile kubwa! Niokoe."

Bintiye aliacha kazi, akamtazama mama. Alitegemea tusi. Mama Koki akafuta mikono taratibu.

"Tutakuja kesho. Jirani haachwi na shida ya choo."

Kepteni alipoondoka, binti akasema, "Mama, leo umenishangaza. Kumbe umemsamehe?"

"Mtu akija mpaka mlangoni, utafanyaje?"

"Afadhali. Ulikuwa unajiumiza bure. Basi kesho twende wote, nipange vifaa."

Jioni ile binti akapanga mkoba kama alivyofunzwa: sili mpya, kaboni mpya za kupitishia umeme kwenye mota, mpira mpya wa mdomo wa bata, ule unaoachia uchafu utoke na kuukataza kurudi, na ndani ya kopo dogo klipu nne za chuma. Nne, kwa sababu kwa Mama Koki sheria ni klipu mbili kila bomba, na mabomba ni mawili. Mbili zishikane mikono, alikuwa akisema, moja ikilala nyingine iko macho.

Asubuhi Mama Koki akageuza maneno. "Wewe nenda kamalizie pampu ya ile boti ya mizigo."

"Lakini ya Kepteni ni kazi ya watu wawili."

"Nilikuwa nafanya peke yangu nikiwa na mimba yako. Nenda."

Akaenda peke yake, na kazi aliifanya, msiseme hakuifanya. Alifunga koki kwanza. Akakata umeme. Akaitoa pampu, akaifungua juu ya gazeti. Kisu kilikuwa kimesongwa na uzi na nywele, vimejizungusha mpaka mota imeshindwa. Akavikata kimoja kimoja kwa wembe. Akabadilisha sili, akabadilisha kaboni, akasugua vichwa vya nyaya vilivyoota kutu ya kijani, akavipaka grisi. Mpira wa mdomo wa bata akautia mpya. Bomba la kuingiza maji akalirudisha kwenye mpindo wake wa juu, akalifunga klipu mbili mpaka bisibisi ikalia. Hakutaka mtu azame. Hilo alijiambia mara nyingi: sitaki mtu afe, nataka anuke.

Akaja kwenye bomba la kutoa uchafu. Alilichomoa, akalitazama kwenye mwanga. Mahali lilipopindia lilikuwa limeota gaga jeupe gumu kama jiwe, lile linaloletwa na mkojo na maji ya chumvi, limebakiza tundu la kupita kidole kimoja. Bomba la namna hiyo fundi halirudishi. Analiloweka kwenye siki mpaka kesho yake, analipigapiga sakafuni mpaka gaga linamwagika kama vigae, au analitupa. Mama Koki alipiga hesabu. Maji peke yake yatapita. Karatasi mara moja, mbili, tano, zitapita kwa taabu. Mara ya nane au ya kumi tundu litaziba, na mota ikiwa mpya na nguvu zake, itasukuma tu. Na uchafu ukikosa pa kwenda, utatafuta penye udhaifu.

Akautengeneza udhaifu. Bomba linatakiwa liingie kwenye mdomo wa pampu kina cha vidole viwili. Yeye akaliingiza kina cha ukucha. Akavalisha klipu moja. Akaikaza kama mtu anayefunga kilemba, kwa kuibembeleza.

Alifurahi. Siwafichi, alifurahi mpaka mgongo uliokuwa unamuuma ukaacha. Alikuwa akiona kabisa: boti katikati ya maji, matajiri na viatu vyao, Kepteni anasema "karibuni, karibuni", halafu mlipuko. Hakuna pa kukimbilia. Wabaki nacho hicho mpaka gatini, saa nzima, na marashi yake.

Gatini pale walikuwa na utaratibu wao: fundi akimaliza choo, anakitumia yeye kwanza, watu wamesimama nje ya mlango wanasikiliza. Mota ikivuma sawasawa, wanapiga makofi. Mama Koki akaingia, akafunga mlango, akakaa. Akabonyeza kitufe. Mota ikavuma kama nyuki. Vijana wa boti wakapiga makofi, na Kepteni akapiga kuliko wote.

"Mikono ya dhahabu hii!" akasema.

"Karibu, Kepteni," akasema Mama Koki. "Utanikumbuka."

Usingizi wa siku ile ulikuwa wa mtoto mchanga. Jumapili akaamka akaoga, akavaa nguo yake ya heshima, maana alipanga kwenda kukaa kwenye benchi la gati aishuhudie boti ikirudi. Alikuwa anaimba. Alipomwita binti aje wanywe chai, hakuitikiwa. Kitanda kimetandikwa. Mkoba wa vifaa uko mezani umefunguliwa, umefutwa, na kopo la klipu liko kando, tupu.

Akalitazama lile kopo. Jana aliliacha na klipu moja ndani. Hakuwa ameifikiria kabisa. Miaka miwili ya kupanga, na kipande cha chuma cha duara kikamshinda.

Akatoka bila kufunga mlango, akikimbia, pindo la nguo yake ya heshima ameliinua kwa mkono, na njiani alikuwa anasema peke yake kama mwehu: "Waondoke. Ee Mungu, boti iwe imeondoka."

Boti haikuwa imeondoka. Matajiri walichelewa kupanga watu wao. Watoto ndio waliofika mapema, na watoto na kitufe cha umeme mnawajua: tangu asubuhi walikuwa wanaingia chooni kwa zamu, wanatupa karatasi, wanabonyeza, wanacheka mota ikivuma. Kwenye ngazi ya boti, katikati ya viatu vya wageni vinavyong'aa, Mama Koki akaviona viatu vya kazi vya bintiye.

Mle ndani binti alikuwa ameshapiga magoti. Kwa mlinda ngazi alisema tu kwamba mama kasahau kitu kidogo. Akafunga koki, akakata umeme, kila kitu kama alivyofunzwa. Akaona bomba limeingia ukucha tu, akatikisa kichwa kwa huruma. Macho ya mama. Mwezi ule mama alishindwa kutunga uzi kwenye sindano, na juzi juzi alikaza skrubu ikaenda upande. Mama hataki kuambiwa kwamba anazeeka, basi asiambiwe. Yeye atarekebisha haraka, atarudi, chai haitakuwa imepoa. Kwamba bomba halikusafishwa, kwamba juu kumeshaziba na huku chini mzigo wote wa asubuhi umebanwa, hilo hakulijua. Angelijuaje? Mama yake hajawahi kurudisha bomba chafu.

Akaweka bisibisi kwenye klipu ile moja, alegeze ili alisukume bomba ndani. Akazungusha mara moja.

Mama Koki alikuwa ameshika ngazi aliposikia. Haukuwa mlio mkubwa, ulikuwa kama kofi. Halafu mayowe. Mlango wa choo ulikuwa wazi, na Kepteni alikuwa anapita na tajiri wake mkubwa, anamwonyesha vyumba. Suruali nyeupe, viatu vya tajiri, zulia, ukuta, vyote vilipata haki yao.

Na hapa nitasema kweli, kwa sababu bila kweli haina maana kuandika. Kitu cha kwanza alichokiona Mama Koki ni suruali ya Kepteni, na kitu cha kwanza kilichompanda moyoni ni raha. Raha tamu. Ilikaa kwa muda wa kufumba na kufumbua. Kisha nyuma ya Kepteni akatoka msichana anapapasa ukuta, uso wote umefunikwa, macho kayafumba kwa nguvu, anatapika huku anaomba maji.

"Nani kamwingiza huyu?" Kepteni alikuwa anafoka. "Nani? Choo kilikuwa kizima! Bosi, kilikuwa kizima, hata watoto mashahidi, mara nane, mara tisa! Mama Koki kafanya kazi safi jana, mimi mwenyewe nilichagua fundi bora wa gati hili! Ni huyu kaja kuchokonoa!"

Mnamwona alivyo mwepesi. Fundi akiwa mbaya, aliyemchagua naye mbaya, na boti mpya ndiyo hiyo inapaa. Basi ikabidi fundi awe mzuri. Akamwona Mama Koki pale ngazini, akamnyooshea mkono mbele ya watu wote.

"Huyu hapa mwenyewe! Mama Koki, nasema mbele ya hadhara: mwaka juzi nilikukosea. Kosa halikuwa lako, bomba nililikata mimi. Fundi ni wewe. Lakini mwanao, samahani, mwanao hana kazi!"

Maneno yale. Mama Koki aliyangoja miaka miwili, aliyaota, alikuwa akiyatunga mwenyewe jikoni na kumwekea Kepteni mdomoni. Sasa yametoka, gati zima linasikia, wale wale waliocheka wanaitikia kwa vichwa.

Msimamizi wa gati alikuwa ameshafika. Akamuuliza binti, ambaye mtu kampa ndoo ya maji, "Nani alikutuma, binti?"

"Sikutumwa, mzee."

"Na hii klipu mkononi ni ya nini?"

Binti akainua uso, macho mekundu kama nyama. Akamtafuta mama yake kwenye watu mpaka akamwona. Akasema, "Nilikosea mimi, mzee. Nilidhani kuna kitu kimelegea. Mama kazi yake haina tatizo."

"Unafungua bomba la watu bila ruhusa, wageni wamo ndani?" Msimamizi akasikitika. "Basi, karakana usije. Mtu wa kubahatisha simtaki."

Mama Koki alifungua mdomo. Haukutoa kitu. Alivuta pumzi ya kwanza, na jina lake lilikuwa safi gati zima. Akavuta ya pili, na bintiye alikuwa bado anamtazama, kwanza kwa kumlinda, halafu kwa kushangaa kidogo, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Ya tatu. Hapo ndipo uso wa msichana ulipobadilika. Hakulia. Aliinamisha kichwa tu kwenye ndoo.

"Mimi," akasema Mama Koki. "Bomba nililifunga mimi. Klipu moja, kusudi. Na sikulisafisha, kusudi. Lipasueni kwenye mpindo muone. Mwanangu alikuja kuficha aibu yangu."

Kijana mmoja wa boti akalipasua bomba kwa kisu, na gaga na karatasi vikaanguka sakafuni. Kepteni alivitazama. Hofu ikamtoka usoni, na mahali pake pakaja tabasamu.

"Mnasikia kwa masikio yenu?" akasema polepole. "Kakusudia! Sasa na ile boti iliyozama je?"

"Ile ulikata wewe! Umesema sasa hivi hapa!"

"Nilikuwa nakufichia, mama. Nilikuonea huruma."

Watu wakacheka. Mama Koki akageuka huku na huku, akimshika huyu mkono, akimshika yule. "Kasema! Mmesikia kasema!" Walikuwa wamesikia. Lakini mwanamke aliyekiri kwa mdomo wake kwamba ameharibu choo cha leo, nani atamwamini kuhusu boti ya mwaka juzi? Ukweli wake wa miaka miwili aliuua yeye mwenyewe kwa klipu moja, na hautafufuka. Mpaka leo gatini wanasema Mama Koki alizamisha boti. Na ile boti mpya, Kepteni alipewa.

Msimamizi alikuwa mtu wa haki yake. Alimrudishia binti nafasi ya karakana palepale, na kwa mama akaonyesha lango. Asivuke tena.

Macho ya binti yalivimba siku sita. Daktari alisema angekawia kuyaosha, moja lingeweza kupotea. Siku hizo Mama Koki alimwekea maji ya dawa kwenye bakuli asubuhi na jioni, akakaa kando na taulo, akingoja kutukanwa. Alitamani atukanwe. Alikuwa ametayarisha majibu: alivyodhalilishwa, kicheko kile, njaa ile, marehemu baba yako na jina lake.

Binti hakuuliza habari za Kepteni, wala za bomba. Siku ya sita, alipoweza kuufungua uso, akauliza jambo moja tu.

"Mama, pale mwanzo ulinyamaza kwa nini?"

"Nilikuwa natafuta maneno, mwanangu."

"Lilikuwa neno moja."

Mama Koki alikuwa na majibu ya mengine yote. Akainua taulo amfute maji shavuni. Binti akalitwaa mkononi mwa mama, kwa adabu, akajifuta mwenyewe.